Sumu ikifika Mutomo, dawa itakuwa wapi?

Ukiambiwa kwamba dawa ya pombe yenye sumu ni pombe, utacheka. Utadhani ni zile hadithi za walevi wanaotafuta sababu ya kurudi baa asubuhi kutoa lock. Lakini muulize daktari yeyote wa kitengo cha dharura, atakwambia ni kweli. Tena atakwambia kwamba hospitali iliyo karibu nawe ikijua hilo mapema, na ikiwa na dawa yenyewe kabatini, watu kumi waliokunywa kwenye kilabu kimoja wanaweza kurudi nyumbani wakitembea.

Hii si stori ya mbali. Mwanzoni mwa Mei 2014, watu walianza kufariki Embu, Kiambu, Murang'a, Kitui na Makueni karibu wakati mmoja. Walikuwa wamekunywa vinywaji vya bei ya chini vilivyotiwa methanoli. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Julai mwaka huo huo, kabla watu hawajamaliza kuomboleza, likaja wimbi la pili. Watafiti waliofuatilia matukio hayo walihesabu takriban wagonjwa 341 katika wimbi la Mei, na 100 kati yao walifariki. Julai walikuwa wagonjwa 126, wakafariki 26.

Sasa linganisha na Libya. Mwaka mmoja kabla, 2013, nchi hiyo ilikumbwa na sumu ile ile. Wagonjwa walizidi 1,000, waliofariki wakawa 101. Yaani Libya alikufa mmoja kati ya kila kumi, na hapa kwetu Mei walikufa karibu watatu kati ya kila kumi. Sababu za tofauti kama hiyo huwa nyingi, lakini kuna moja ambayo madaktari wa sumu hawachoki kuirudia: muda. Nani alitambuliwa mapema, na dawa ilikuwa umbali gani kutoka kitandani mwake.

Na usidhani 2014 ilikuwa mara ya kwanza au ya mwisho. Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Mwaka 2005 ilikuwa zamu ya Machakos, jirani zetu kabisa. Februari 2024 wakafariki watu wasiopungua 17 Kirinyaga. Kwa hivyo swali si kama itatokea tena. Swali ni kama itatukuta tumejipanga.

Mwilini kunatokea nini

Methanoli ni kemikali ya viwandani. Hutumika kutengeneza gundi, rangi na vitu vingine vingi. Haina rangi, na harufu yake inakaribiana sana na ya ethanoli, ile pombe ya kawaida iliyomo ndani ya bia. Ndiyo maana muuzaji mwenye tamaa huitumia kuongeza makali na faida. Mlevi anayejisifu kwamba anaijua kwa kuionja au kwa kuiwasha moto anajidanganya, kwa sababu zote mbili huwaka, na ulimi hauna maabara.

Methanoli yenyewe inalevya tu. Ubaya unaanza ini linapoivunja. Kwanza inageuka kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, asidi ile ile ambayo aina fulani za chungu huitumia kujilinda. Asidi hiyo hujaa kwenye damu na kushambulia mshipa wa neva unaounganisha jicho na ubongo. Mtu anaanza kuona kama kuna ukungu. Halafu anapumua mbio mbio bila kukimbia popote. Halafu anazimia.

Kazi hiyo ya ini huchukua muda. Dalili kali mara nyingi huja kati ya saa 12 na 24 baada ya kunywa, na kama mtu alichanganya na bia ya kawaida zinaweza kuchelewa hata zaidi. Hapo ndipo mtego ulipo. Anakunywa Jumamosi jioni, anaenda kulala akiwa sawa, Jumapili anaamka na kichwa kinachogonga na tumbo linalosokota. Watu wa nyumbani wanasema ni hangover, mwacheni alale. Wakirudi kutoka kanisani, hali imekuwa nyingine kabisa.

Pombe inayotibu pombe

Kimeng'enya cha ini kinachovunja methanoli ndicho kinachovunja ethanoli pia, na kati ya hizo mbili kinaipenda ethanoli zaidi. Kwa hivyo daktari akimpa mgonjwa ethanoli safi kwa kipimo, ini linashughulika na hiyo, na methanoli inabaki bila kugeuzwa asidi. Polepole mwili unaitoa kwa mkojo na pumzi, au hospitali inaiondoa kwa mashine ya kusafisha damu. Pamoja na hiyo mgonjwa hupewa sodiamu baikaboneti ya kupunguza asidi kwenye damu, na asidi ya foliniki ya kuusaidia mwili kuiondoa ile sumu.

Iko dawa nyingine ya kisasa zaidi, fomepizoli. Inafunga kazi ya kimeng'enya kile bila kumlevya mgonjwa, na ni rahisi kuisimamia. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013. Shida ni bei. Kule Marekani kumtibu mgonjwa mmoja kwa fomepizoli huweza kugharimu maelfu ya dola.

Lakini ethanoli? Hiyo iko kila mahali. Mkasa wa pombe yenye sumu ulipoikumba Jamhuri ya Czech mwaka 2012, fomepizoli iliagizwa kutoka Norway, lakini huku nyuma wahudumu wa ambulensi waliwapa baadhi ya wagonjwa ethanoli hata kabla ya kuwafikisha hospitali. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha waliopewa mapema hivyo walipona zaidi. Kenya nayo, mwaka 2014, wataalamu wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Oslo na Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi pamoja na wahudumu wetu. Maarifa yako. Vifaa vingi si vya bei ya kutisha. Kinachobaki ni kuviweka mahali vinapohitajika.

Ramani ndiyo inayoua

Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187. Makueni ni ndogo, kilomita za mraba 8,000 hivi, lakini ilikuwa na watu 987,653. Kama umewahi kutoka Mutomo kwenda Kitui mjini na mgonjwa nyuma ya probox, au kutoka Mtito Andei kwenda Wote usiku, hizo takwimu huhitaji kuelezewa. Unazijua kwa mgongo.

Ndiyo maana wataalamu wa sumu hawaulizi tu "dawa ipo?" Wanauliza "inahitajika ndani ya muda gani?" Mwongozo wa kimataifa wa dawa za sumu huzigawa katika makundi matatu: zile ambazo lazima zipatikane papo hapo, ndani ya nusu saa, zile za ndani ya saa 2, na zile za ndani ya saa 6. Ya nusu saa lazima iwe kwenye hospitali ndogo, pale pale anapofikia mgonjwa. Ya saa 2 inaweza kukaa hospitali ya rufaa ya kaunti. Ya saa 6 inaweza kutoka Nairobi, mradi gari lipo, barabara inapitika na mtu anajua nani wa kupigiwa simu.

Chukua mfano wa dawa za kunyunyizia ndengu na maembe. Nyingi zina sumu inayovuruga neva. Mtu aliyeivuta au kuinywa hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, na mapafu yanajaa majimaji. Dawa yake ya kwanza ni atropini, na atropini haiwezi kusubiri ambulensi kutoka mji mwingine. Mgonjwa mmoja aliyezidiwa anaweza kumaliza vichupa vingi kwa siku moja. Kwa hivyo zahanati au hospitali ndogo yenye vichupa viwili inaweza kuandika kwenye ripoti kwamba dawa ipo, na bado mgonjwa akafa.

Nyoka ni hivyo hivyo. Ukambani ni nchi ya moma, swila na koboko, na kichupa kimoja cha dawa ya sumu ya nyoka huuzwa shilingi elfu kadhaa. Tena si kila dawa inafaa. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa bara lingine inaweza kukosa nguvu kabisa kwa nyoka wa hapa. WHO imeweka lengo la kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu unaotokana na kuumwa na nyoka kufikia 2030. Lengo hilo litafikiwa au litashindikana kwenye friji za vituo kama vya Mutomo na Kibwezi, si kwenye makaratasi ya Geneva.

Halafu kuna barabara kuu ya Mombasa. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, yote ni Makueni, na mizigo mingi ya bandarini hupita hapo mchana na usiku. Mwaka 2024 lori lililobeba sodiamu sayanaidi lilipata ajali Lari, Kiambu, na serikali ikalazimika kutoa tahadhari kwa umma. Sayanaidi huua kwa dakika. Dawa yake, haidroksokobalamini, ni aina ya vitamini B12. Mzigo kama ule ungemwagika Emali siku ya soko, hakuna muda wa kuagiza kitu kutoka popote.

Iko sumu isiyo na dawa

Hapa lazima tuseme ukweli. Ukiwauliza wazee wa Makueni na Kitui kuhusu sumu, wengi hawataanza na pombe. Wataanza na mahindi ya 2004. Mwaka huo sumukuvu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliwaugua watu 317 wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 wakafariki. Ini liliharibika, macho yakawa ya njano, na hakukuwa na sindano ya kuwachoma. Mpaka leo aflatoksini haina dawa ya kuivunja mwilini.

Sasa stoo ya sumu ya aina hiyo inakuwaje? Ni turubai la kuanikia badala ya udongo mtupu. Ni kipimo cha unyevu kwenye soko la nafaka, gunia lisilopitisha hewa, na Aflasafe inayotawanywa shambani kabla ya mavuno. Na ni akiba ya mahindi safi serikalini, kwa sababu huwezi kumwambia mama amwage gunia lake la mwisho kama huna la kumpa badala yake. Nalo hilo ni kujiwekea dawa karibu. Imekuja kwa sura nyingine tu.

Basi tuweke nini, na wapi

Afya ilihamia kaunti mwaka 2013. Maana yake ni kwamba swali la nini kiko kwenye kabati la hospitali ya Mwingi au Makindu linajibiwa Kitui na Wote, si Nairobi peke yake.

Hospitali ya kaunti ndogo haihitaji ghala. Inahitaji sanduku moja linalojulikana liko wapi na ufunguo uko kwa nani saa tisa usiku. Ndani yake iwe atropini ya kumtosha mgonjwa mahututi kwa saa kadhaa, sodiamu baikaboneti, ethanoli ya tiba, vitamini K kwa waliomeza sumu ya panya na, pale penye friji au dawa ya unga isiyohitaji friji, dawa ya nyoka inayofaa nyoka wetu. Hospitali ya rufaa ndiyo iweke akiba kubwa, na zile za gharama kama fomepizoli kaunti jirani zinaweza kununua pamoja. Mradi wa vifaa vya tiba ulioanza 2015 ulisambaza mashine za kusafisha damu kwenye kaunti, kwa hivyo safari ya lazima hadi Kenyatta si kama ilivyokuwa zamani.

Utasikia hoja mbili za kupinga. Ya kwanza: dawa hizi hukaa muda mrefu bila kutumika, zinaharibika, pesa zinapotea. Ni kweli, lakini inatibika. Atropini hutumika pia kwenye chumba cha upasuaji, kwa hivyo zinazokaribia kuisha muda zipelekwe huko na mpya ziingie sandukuni. Ya pili husemwa kwa kicheko: ukiweka ethanoli hospitalini itanywewa. Sawa, basi ifungiwe pamoja na morfini na iandikwe kwenye kitabu kile kile cha morfini. Hatuachi kununua dizeli ya ambulensi kwa sababu dizeli huibiwa.

Sanduku bila mtu anayejua ni mbao tu. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye kipimo cha presha, cha sukari na cha joto. Ongeza humo kadi moja ya dalili za sumu na namba ya kupiga. Mhamasishaji akisikia watu watatu wa kijiji kimoja wameamka hawaoni vizuri, asisubiri ripoti ya mwisho wa mwezi. Apige simu asubuhi hiyo hiyo, ili wengine waliokunywa pamoja nao watafutwe wakiwa bado wanatembea.

Na wewe je?

Wewe ndiwe utakayekuwa kwenye nyumba hiyo Jumapili asubuhi. Huenda ni kaka yako, msee mnayeishi naye bedsitter moja, au baba. Kumbuka haya.

Akilalamika haoni vizuri, anatapika, tumbo linamuuma na anapumua mbio, na jana alikunywa, hiyo si hangover mpaka hospitali iseme ni hangover. Mpeleke. Namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, na 999 au 112 ni za dharura. Kama boda ndiyo iliyo karibu, na bado anaweza kushikilia, panda nyuma yake umzuie asianguke.

Akiwa amezimia, mlaze ubavu. Usimtapishe. Na usijifanye daktari kwa kumwongezea chupa nyingine eti umesoma hapa kwamba ethanoli ni dawa. Kipimo ni kazi ya hospitali, aliyelegea atapaliwa, na hiyo chupa unayompa yaweza kuwa ile ile iliyomuua jirani.

Beba chupa au mabaki ya alichokunywa. Mwambie daktari ukweli: alikunywa nini, wapi, saa ngapi. Kisha wapigie simu wote waliokuwa naye, hata yule anayesema yuko fiti. Yeye ndiye dawa inaweza kumsaidia zaidi, kwa sababu asidi bado haijajaa.

Najua kinachowafanya watu wafiche. Pombe ile ni haramu, polisi watauliza maswali, na kanisani watasema. Lakini Katiba, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi isipokuwa mlevi. Aibu ya kusema alikunywa nini huisha kwa wiki moja. Macho yakienda, hayarudi.

Kisha kuna kazi ya siku ambazo hakuna anayeumwa. Kila mwaka kaunti huandaa mpango wa maendeleo kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma, na Makueni vinaanzia kijijini kabisa. Vijana wengi huwa hatuendi, au tunaenda kuuliza kuhusu uwanja wa mpira tu. Uliza kuhusu uwanja, sawa. Halafu simama tena, uulize haya: hospitali yetu ina vichupa vingapi vya atropini leo? Vinaisha muda lini? Ethanoli ya tiba ipo? Ufunguo uko kwa nani usiku?

Afisa akijibu papo hapo, mpigie makofi. Akianza kutafuta maneno, iandike tarehe ya kikao hicho, na kikao kijacho uliza tena maswali hayo hayo.